Kikao Nilichokufungia kwa Fatiha

Mwanangu Mejumaa,

Asubuhi uliniamkia shikamoo ukiwa na mkoba begani, unakwenda Msambweni kumuaga bibi yako. Nikaitika marahaba, ukapita. Baada ya hapo nilikaa barazani hadi chai ikapoa mkononi. Nina neno na wewe, la karibu miaka mitatu sasa, na kesho asubuhi unaondoka. Kulisema kwa mdomo nimeshindwa. Mimi ambaye watu hunifuata niwasemee kwenye posa, kwenye matanga na kwenye vikao vya serikali, mbele ya binti yangu nimekuwa bubu. Kwa hiyo leo watoto wa madrasa nimewarudisha kwao mapema, nimechukua daftari la mahudhurio, nimekaa hapa kwenye mkeka, nakuandikia kabla hujarudi.

Habari za sweta na sufuria na baridi ya Eldoret sizigusi. Mama yako amezisema tangu wiki iliyopita, na alizozisahau atazisema kesho ukiwa mguu mmoja garini. Mimi nataka tuizungumze siku ya kikao cha banda la mwani.

Najua unaikumbuka. Tulikuwa chini ya turubai pale kwenye uwanja wa skuli. Bwana wa mipango wa kaunti alikuja na karatasi zake, kijana mpole mwenye adabu, akatuamkia wazee mmoja mmoja. Kulikuwa na fungu limetengwa la kuwajengea wakulima wa mwani banda la kukaushia, na sheria inataka wananchi waulizwe kwanza. Tukaulizwa. Akasema mzee wa kijiji, akasema mwenyekiti wa wavuvi, akasema mwakilishi wa kina mama, ambaye mwani anauona ukipita migongoni mwa wenzake, Mungu anisamehe lakini ni kweli. Vijana mlikuwa nyuma. Ninyi ndio mliopanga viti asubuhi, ninyi ndio mliogawa maji ya chupa. Na kwenye ratiba, niliyoiandika mimi kwa kalamu kama hii, mstari wa mwisho kabla ya dua ya kufunga ulisema "Vijana".

Ikafika saa nane. Harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia chini ya turubai, na watu walikuwa wanageuza shingo. Wewe ulikuwa umesimama na karatasi mkono mmoja, mkono mwingine juu. Bwana mipango akakuona. Akanigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, kuna mwingine, ama tufunge?"

Desturi yetu unaijua. Anayefunga kikao huuliza kwanza, "Kuna mwenye neno?" Hungoja kidogo. Ndipo hufungua mikono. Mimi sikuuliza. Nilikutazama, nikafungua mikono, nikasema, "Al-Fatiha."

Ningekwambia kaa chini, ungeweza kubaki umesimama, na pengine mtu mmoja angekutetea. Lakini nani atasema juu ya Fatiha? Mkutano mzima ulinyanyua mikono. Nawe ukaushusha ule mkono, ukaikunja karatasi ukaibana kwapani, ukafungua viganja kama wenzako. Macho yangu yalikuwa nusu yamefumba, lakini nilikuona. Nimekuona hivyo kila siku tangu siku hiyo.

Banda likajengwa, na likawa lile unalolijua. Kuta za mawe, madirisha madogo kama ya ghala, juu kule kando ya barabara, mlima mzima kutoka ufuoni. Wanawake walipanda na magunia ya mwani mbichi yanayochuruzika maji migongoni kwa muda wa wiki mbili. Mwani ukatoa jasho ndani ya zile kuta, ukageuka mweusi, mnunuzi akaukataa. Wakarudi kwenye vichanja vyao vya miti kule chini, na mvua ikija wanakimbia na maturubai yaliyotoboka kama zamani. Bandani wamo mbuzi wa jirani yetu. Hata hao nasikia wanapenda kulala nje.

Siku ile ya kikao nilirudi nyumbani nikiwa nimeshiba. Mama yako alikuwa anafumua kamba za mwani uani. Hakuninyanyulia macho. Akaniuliza, "Kikao kimekwendaje?" Nikamwambia kimekwenda vizuri, kimekwisha kwa wakati. Akafumua fundo moja, akafumua la pili, kisha akasema, "Baba Mejumaa, wewe unadhani umemnyamazisha mtoto. Maneno yale ni yangu. Mimi nimeyasema jikoni miaka yote hii, yeye aliyabeba tu kuyaleta. Umenifungia mimi." Nikamjibu kwamba binti wa Mwalimu hasimami mbele ya wanaume wazima kubishana na wageni. Mama yako akanyamaza. Katika ndoa yetu, mama yako akinyamaza huwa ameshashinda.

Wewe nawe hukunigombeza. Hapo ndipo uliponiweza. Ungenigombeza ningepata pa kushika, ningekuita mkosa adabu, mambo yakaisha. Asubuhi yake ukaja, shikamoo baba. Na asubuhi iliyofuata. Adabu yote ulinipa, hukupunguza hata chembe. Kitu kimoja tu ulikiondoa. Tangu siku hiyo nikiomba dua nyumbani, wewe unanyanyua mikono pamoja na wadogo zako, lakini amina yako siisikii. Nawasikia wote isipokuwa wewe. Nilidhani masikio yangu yamezeeka, nikasogeza mkeka karibu. Si masikio.

Watu wakiniuliza kwa nini banda limekuwa vile, huwaambia muda ulikuwa umekwisha, mgeni alikuwa na kikao kingine Kwale. Hiyo ni kweli. Mama yako nilimwambia habari ya heshima, na hiyo nayo ni kweli kidogo. Ukweli wenyewe sijamwambia mtu. Kiwanja kile nilikichagua mimi.

Wiki mbili kabla ya kikao, bwana mipango alipita hapa madrasa kuniuliza mahali pazuri pa kujenga. Nikamwonyesha pale juu, kando yetu. Aliniambia jengo la serikali likiwa hapo, nguzo ya umeme lazima ifike, na ikifika hapo kuuvuta umeme mpaka madrasa ni hatua chache. Mejumaa, nilikuwa nimesomesha watoto kwa taa za chemli kwa miaka mingi. Nimewaona wakisinzia kwa moshi. Nikajiambia kwamba banda ni banda, mwani utakauka popote penye jua, na Mungu anajua nia yangu. Kwa hiyo uliposimama na karatasi, sikuona kijana mwenye neno. Niliona mtu anakuja kuizima taa yangu kabla haijawaka.

Jua limetua nikiwa hapa hapa, na nimeswali magharibi nikarudi. Nimewasha taa. Ni hii ninayoandikia. Inawaka vizuri sana.

Mimi pia niliwahi kukalishwa, na hili sikuwahi kukueleza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Wapimaji wa ardhi walifika upande wa shamba la babu yako, kule nyuma ya Diani, kabla hatujahamia huku. Babu yako alikuwa mgonjwa kitandani, na mipaka nilikuwa naijua mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nafyeka. Kikao kilifanyika kwa chifu. Nikanyanyua mkono. Ami yangu mkubwa, aliyekuwa amekaa mbele, akageuka akaniambia kwa upole kabisa, "Kijana, kaa. Zamu yako itafika." Nikakaa. Mikorosho sita aliyoipanda babu yako ikaangukia ng'ambo ya mpaka. Alipopona, alikuwa anakwenda kubisha hodi kwa jirani kuomba ruhusa ya kuokota korosho za miti yake mwenyewe. Nilikuwa namfuata nyuma na kikapu.

Ungedhani mtu aliyepita hapo angejifunza. Mimi nilijifunza kungoja zamu. Nilichukua lile neno la ami nikaligeuza kuwa kazi ya maisha. Nikapanga viti, nikagawa maji, nikacheka mahali pa kucheka. Wakanipa cheo cha mwakilishi wa vijana, na nikakikalia, mwanangu, mpaka nina miaka arubaini na tatu. Nina watoto wanne, ndevu zina mvi, magoti yanalia nikirukuu, na bado wageni wakija naambiwa, "Tumsikie kijana wetu." Nami nasimama. Mama yako alikuwa ananitania akiniita kijana mbele ya wakwe. Nilicheka pia. Sikuwahi kujiuliza vijana wenyewe walikuwa wapi muda wote huo ambao mimi nilikuwa wao.

Kisha zamu ikafika kweli, nikawekwa mbele kabisa, nikapewa kuandika ratiba na kusoma dua. Na nilipofika nilikuwa nimechoka. Hili ndilo watu hawakwambii kuhusu kungoja. Ukingoja sana, neno ulilokuja nalo linakuwa limeshakutoka, unabaki na kiti tu, na kiti unakiogopea. Sisi wazee tuna methali yetu tunayoipenda, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tumewapigia masikioni tangu mko chekechea. Mkuu asiyesikia la mdogo hatukumtungia methali, labda kwa sababu watungaji tulikuwa sisi. Na guu linalovunjika pale mlimani ni la mama yako.

Nimejaribu kutengeneza. Nataka ujue kwamba nimejaribu, na nataka ujue pia kwamba haikufaa. Mwezi uliopita watu wa kaunti walituita tena, wakitaka kujua tulifanyeje hilo banda. Ulikuwa kwa shangazi yako Kombani wiki hiyo. Mimi nikasema safari hii vijana wataanza. Nikaigeuza ratiba, vijana juu, wazee chini, ami zako wakaninunia. Vijana wakaja, wengi tu, wakakaa safu ya mbele. Nikauliza, "Kuna mwenye neno?" Nikangoja. Wakatazama simu zao. Nikauliza tena. Mwishowe akasimama yule rafiki yako Riziki, akaniambia kwa adabu zote, "Mwalimu, tuseme halafu iweje? Sisi tushazoea kufungiwa. Wasemeni nyinyi, tutatia sahihi." Akakaa. Hakuna aliyecheka. Nikampa zamu mwenyekiti wa wavuvi, mambo yakaendelea kama siku zote.

Nilirudi siku hiyo nimechoka vibaya. Sikuwa na hasira na Riziki, kwa sababu alikuwa amenisomea nilichomfundisha. Kijana ukimnyima zamu mara nyingi, siku ukimpa hajui aifanyie nini, au anajua sana ndiyo maana anaiacha. Kaunti wanaweza kuandika sheria kwamba vijana wasikizwe, wakatenga viti, wakachapisha fomu. Zile fomu nimezijaza mimi. Panapoulizwa vijana wangapi walihudhuria, nilihesabu waliogawa maji.

Sasa unakwenda kusomea mipango, kazi ya yule kijana mpole aliyekaa mezani. Nilipoona barua ya chuo nilifurahi, kisha nikaogopa. Siogopi kwamba utapotea. Wewe tangu mdogo ukitumwa dukani unarudi na chenji na risiti. Naogopa siku utakapofika kwenye kijiji cha watu, umechoka kwa barabara, una kikao kingine mbele, na mzee kama mimi ameketi kando yako. Kule nyuma kuna msichana amenyanyua mkono. Utamuuliza tufunge ama tusifunge. Mzee atakwambia tufunge, kwa sauti nzuri, yenye busara, na atakuwa na sababu. Mimi nilikuwa na sababu nzuri mno. Sina la kukufundisha hapo, ila nimekueleza mimi niliyeketi upande wa mzee nilionaje.

Na pengine siku hiyo utakuwa na taa yako. Kila mtu ana taa yake anayoitaka. Si dhambi kuitaka. Kosa langu ni kwamba sikuitaja mbele za watu. Laiti ningesimama nikasema, jamani, mimi nataka umeme wa madrasa, pengine mngenisaidia. Sikujua kwamba mngenisaidia.

Nimefika kwenye jambo lililonikalisha hapa. Juzi mama yako, akipanga nguo zako, alitoa ule mkoba wako wa zamani wa skuli ili aufue. Akakuta karatasi imekunjwa mara nne. Aliiweka tu juu ya Msahafu wangu, mahali anapojua nitafika. Samahani, niliisoma. Niliuona mwandiko wako wa kidato cha nne, ule wa kuminya.

Umeandika, "Wazee wetu, shikamooni. Sisi tunaobeba mwani tunaomba mambo matatu." La kwanza, banda lijengwe chini, karibu na vichanja, kwa sababu mwani mbichi ni mzito. La pili, lisiwe na kuta, liwe na paa na nguzo tu, upepo upite. Hayo niliyajua, kila mtu anayajua sasa, hata mbuzi. Nikafika la tatu.

"Tatu, tunaomba umeme uletwe madrasa hata kama banda halitakuwa karibu nayo, kwa sababu Mwalimu wetu anafundisha kwa chemli na macho yake yanaharibika."

Nilikaa na karatasi hiyo hadi adhana ya adhuhuri. Macho yangu, Mejumaa. Ulikuwa umesimama na mkono juu kuniombea macho yangu, na mimi nikayafumba nusu nikaanza Fatiha.

Nimelia, na sioni haya kukuandikia. Mama yako alinikuta nikamwambia ni vumbi. Akasema, "Ndiyo, hii nyumba ina vumbi sana," akaenda zake jikoni. Baadaye nilimfuata nikamweleza yote, kiwanja na nguzo na umeme. Alikuwa anakuna nazi. Akakuna mpaka kifuu kikawa cheupe, kisha akasema nikwambie wewe.

Sikuombi uniitikie. Amina ya mtu ni yake na Mola wake, siwezi kuidai. Sikuombi pia urudi kututengenezea banda, ingawa ukirudi, njia ya pale juu unaijua. Karatasi yako nimeinakili, nakala nitaisoma mimi mwenyewe kikao kijacho, nikitaja ni ya nani na nilivyoifanya. Najua ami zako watasema Mwalimu amezeeka. Wana haki, nimezeeka. Riziki nitamwomba akae karibu yangu nikisoma, nikikosea neno la mwani anisahihishe. Akikataa pia nitaelewa.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako la safari, uikute ukirudi kutoka kwa bibi, uisome usiku au usiisome. Kesho asubuhi tutasimama wote mlangoni nikusomee dua ya safari, kama ninavyowasomea wote wanaosafiri. Gari la kwenda Kombani litakuwa barabarani, na dereva unamjua, atapiga honi. Mwache apige. Likituacha litakuja jingine.

Kabla ya dua nitauliza, "Kuna mwenye neno?" Safari hii nakuuliza wewe, Mejumaa, si wadogo zako. Ukiwa nalo, refu au fupi, hata likiwa la kuniumiza, liseme. Ukiwa huna, nyamaza kadiri utakavyo. Mimi nitangoja, na mikono yangu itakuwa chini mpaka umalize.

Baba yako